Niandikeni Mchezaji

Tangu nirudi Kitale, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile, na kabla sijafika katikati ya jibu ananikatiza: lakini si ungekubali tu? Nimechoka. Nimekaa chini nimeandika yote mara moja, kwa sababu maandishi hayakatizwi. Someni mpaka mwisho, kisha mniite mjinga mkitaka. Habari za wakala, vipimo na viza nimeziruka. Hizo mnazijua, na wengine wenu mmeshazipitia.

Jambo moja mlishike kabla hatujaondoka. Mimi ni mchezaji wa raga, ile ya watu kumi na watatu kila upande. Ukikabwa unainuka, unauviringisha mpira nyuma kwa mguu, mnaendelea. Mkikabwa mara sita, mpira unakuwa wa wapinzani. Kazi yangu ni ya mbele: napewa mpira, nakimbilia ukuta wa watu. Miaka yote niliyochezea kiwanda cha mafuta ya kupikia niliandikwa karani wa ghala, na sijawahi kuhesabu hata mtungi mmoja. Ndivyo ilivyo kwetu. Kampuni ikitaka timu inakuajiri kwa jina lingine, na kila mtu anajua. Kila mtu alijua mpaka siku nilipoteguka bega katikati ya mechi. Ofisi iliniambia kwamba karani hateguki bega kwa kucheza, nikajitibu mwenyewe, na muda si mrefu timu ikavunjwa. Kuanzia hapo nilikuwa na haja moja tu moyoni: mtu mmoja, mahali popote, aniandike kwa kazi ninayoifanya.

Kwa hiyo wakala aliponiambia kampuni moja ya Riyadh ina timu, kwamba nitaingia kwa viza ya mlinzi kwa sababu ndiyo iliyopo, na nikifika nitabadilishwa niwe mchezaji, niliamini. Msinicheke. Mtu wa Uingereza angeuliza maswali, lakini sisi tumezoea kuandikwa hivi na kufanya vile, na maneno yake yalinifikia kama habari ya kawaida kabisa.

Nairobi hadi Riyadh

Ndege ilichelewa kuondoka, tukakaa sakafuni pamoja na wasichana waliokuwa wakienda kufanya kazi za nyumbani, wote wamevaa fulana za rangi moja kutoka kwa wakala wao. Mmoja alinigawia mahindi ya kuchoma yaliyopoa, akaniuliza naenda kuendesha gari la nani. Nilipomwambia naenda kucheza raga aliniangalia kwa huruma, akaniongezea mahindi.

Riyadh nilikwama forodhani. Nilikuwa nimebeba viatu vyangu vya njumu na mpira wangu mwenyewe. Askari aliubonyeza, akaunusa, akaupitisha kwenye mashine, akaupitisha tena. Akaniuliza ni kitu gani, nikasema mpira. Akatikisa kichwa, maana mpira anaoujua yeye ni mviringo. Akaudondosha chini ajaribu kama unadunda. Ukadunda upande, ukampita, ukaingia chini ya kiti cha mkubwa wake. Walikuja wengine kusaidia kuukamata, na kila aliyeushika ulimponyoka. Walicheka mpaka wakasahau kunipekua mabegi mengine. Nilipotoka nje, walinzi wenzangu wapya walikuwa wamenisubiri kwenye gari kwa hasira, na hakuna aliyenisalimia.

Manfuha na geti

Walituweka Manfuha, kusini mwa jiji, kwenye nyumba ya zamani ya vyumba vidogo. Chakula cha kwanza kilikuwa sinia moja kubwa la wali na kuku katikati ya watu, kila mtu anakula upande wake. Mimi nilikula upande wangu nikavuka mpaka. Mlinzi wa Kinepali alinitolea macho, nikajifunza adabu. Ugali tuliupata baadaye, kwenye jiko la duka la Mwethiopia nyuma ya mtaa wetu, na siku hiyo ndipo nilipofahamiana na Mutiso. Mutiso ni mtu wa Machakos, dereva, amekaa Saudia miaka mingi kuliko anavyopenda kusema. Alikuwa akipika ugali laini kama uji, nikamnyang'anya mwiko.

Niliyemwuliza kuhusu mazoezi ni Hamdi, msimamizi wetu, Mmisri mwenye sauti kubwa. Alifurahi sana kuona mlinzi anayeulizia mazoezi. Kesho yake alitupanga uani, akawasha moto ndani ya pipa, akatufundisha kuuzima. Niliuzima. Wiki iliyofuata nikamwuliza tena, akanifundisha kuzima moto wa mafuta.

Jioni hiyo Mutiso aliniweka chini.

"Kijana, sikiza," akasema. "Hapa hakuna timu ya kampuni. Uliletwa kufungua geti, vile mimi nililetwa kuendesha gari. Shika hiyo utalala poa."

"Geti nitafungua," nikamjibu. "Lakini sikuletwa kufungua geti. Nilidanganywa, hiyo ni tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

Mimi tofauti niliijua. Mtu aliyedanganywa bado ana kazi yake. Kesho yake nilianza mazoezi peke yangu alfajiri kabla ya jua kuchoma, nikisukuma gari la Mutiso lililoharibika kutoka ukuta mmoja wa uwanja wa nyumba hadi mwingine. Majirani walidhani limekataa kuwaka, wakaniletea fundi.

Nililinda kompaundi ya wageni kaskazini mwa jiji, wahandisi na familia zao. Ndani kulikuwa na uwanja wa nyasi, na Ijumaa wazungu kadhaa walikuja kucheza. Ijumaa ya kwanza nilidhani naota. Ilikuwa raga yangu, ya kumi na watatu. Niliwaangalia wiki kadhaa nikiwa kwenye kibanda changu. Ijumaa moja zamu yangu ilipoisha nilivua shati la ulinzi, na ndani nilikuwa nimevaa jezi. Niliingia uwanjani nikasimama upande uliokuwa na watu wachache.

Aliyekuwa akiwapanga ni Colin, mhandisi wa Australia, mwenye masikio yaliyovimba kwa kukabwa. Aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia wamepungukiwa na mtu, na mtu ndiye huyu. Walicheka, wakanipa mpira, nikamkimbilia yule mkubwa wao kuliko wote. Baada ya hapo Colin hakuuliza tena. Lakini mama mmoja mkazi alilalamika kwamba walinzi wanakanyaga nyasi, na Hamdi akaniita.

"Kazi yako geti," akasema. "Mpira mafi."

Hakuna mpira, ndiyo maana yake. Nilimjibu kwamba siku yangu ya kupumzika ni yangu, na nikiitumia kulala au kukabwa ni shauri langu. Akaniuliza nikivunjika mguu nani atasimama getini. Nikasema nitasimama na plasta. Colin alizungumza na wakubwa wa kompaundi, na ikakubaliwa: Ijumaa nicheze, siku nyingine nisionekane kwenye nyasi. Sikushukuru mtu. Nilicheza.

Barabara ya Jeddah

Ndipo ikaja safari ya Jeddah. Wageni wa huko nao walikuwa na timu, na Colin alinieleza jambo lililoninyima usingizi. Kaka wa mchezaji mmoja wa Jeddah, Mwingereza aitwaye Terry, alikuwa akija kutembea. Terry ni msimamizi wa klabu ya raga ya kulipwa kaskazini mwa Uingereza, na alikuwa akitafuta mtu wa mbele. Colin alimtajia habari zangu. Hamdi alinipa ruhusa ya shingo upande, kwa sharti moja: Jumapili asubuhi niwe getini, la sivyo halas, imekwisha, nirudi kwetu.

Timu ilipanda ndege. Mimi nilienda kwa barabara, pamoja na Mutiso na mabegi ya jezi. Mutiso aliona ni matusi nikae na mizigo. Nilimwambia mizigo haikabi, na kwamba nitakaa nayo mpaka Jeddah nikicheka.

Tuliondoka Alhamisi kabla ya jua kuchomoza. Jangwa ni refu, sitawadanganya kwamba kuna cha kuona. Mchana tulifika kituo cha mafuta wakati wa sala, kimefungwa, tukangoja kivulini pamoja na dereva wa lori wa Sudani. Alipomaliza kusali alitutolea mkate na maharagwe yaliyopondwa kwa mafuta na vitunguu, akatukataza kutoa chakula chetu mpaka tumalize chake. Aliuona mpira. Nikajaribu kumweleza mchezo kwa Kiarabu changu cha getini: watu hawa, watu wale, huyu anakimbia, wale wanamwangusha. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza nimewakosea nini. Tulipoondoka alituombea dua ndefu ya usalama.

Sasa kosa la Mutiso. Barabara ya kwenda Jeddah inagawanyika: moja inapita Makka, kwa Waislamu peke yao, na nyingine inazunguka kwa sisi wengine. Mutiso ameipita njia ya kuzunguka mara nyingi, lakini siku hiyo alikuwa akinihubiria kuhusu Uingereza, jinsi nitakavyomtumia mwaliko, akaipita kona. Tulistuka tukiwa mbele ya kizuizi cha polisi. Rozari ilikuwa ikining'inia kwenye kioo, hata hatukuhitaji kujibu. Askari kijana aliiangalia, akatuangalia, akaonyesha nyuma kwa kidole. Tukarudi tulikotoka.

Njia yetu ilitupitisha Taif na kutuangusha mlimani kwa kona ambazo Mutiso alizipiga akiwa ameacha mahubiri. Tulisimama breki zipoe. Nyani wakaja, kundi zima, wakaingia garini kupitia dirisha wakachukua machungwa ya timu. Mmoja alishika jezi. Nilimfukuza mpaka kwenye mawe, akaiachia, na Mutiso alinisubiri akiwa amejifungia garini. Tuliingia Jeddah tukiwa tumechelewa sana, na Colin alikuwa ameshakata tamaa.

Jeddah

Timu ililala hotelini. Mutiso na mimi tulilala mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwenye chumba cha madereva Wakenya anaowafahamu yeye, na asubuhi wakatupikia chapati na maini. Hewa ya Jeddah ina maji ndani yake. Ukipumua unakunywa. Nilitembea hadi baharini Ruwais kunyoosha miguu na kumwomba Mungu, na nilimwomba waziwazi, bila unyenyekevu mwingi. Nilimwambia bega amelirudisha, miguu ipo, basi leo asinifiche.

Mechi ilichezwa baada ya sala ya alasiri, ndani ya kompaundi nyingine. Terry alikuwa mtu mfupi, kichwa kipara kimeungua jua, amekaa pembeni na mswaki mdomoni kwa sababu alikuwa akijaribu kuacha sigara. Sikumsalimia. Nilitaka anijue kwa kazi kwanza.

Mara yangu ya kwanza kushika mpira walinikaba watu watatu na wa nne akalala juu. Kumbe mtunza bustani, mzee wa Kiyemeni aliyekuwa akimwagilia maua nyuma ya goli, hakuwahi kuona raga maishani. Aliona Mwafrika mmoja amelaliwa na wazungu wanne. Alikuja mbio na bomba lake la maji akatumwagia wote, akipiga kelele kwa Kiarabu maneno ambayo hakuna aliyetaka kuyatafsiri. Mchezo ulisimama. Nilimshika mkono nikamwonyesha kwamba nacheka, nimepona, ni mchezo. Hakuamini. Alikaa pembeni mwa uwanja mpaka mwisho na bomba mapajani, akiwaangalia.

Nilicheza. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo, na sijisifu bure: nilicheza vile ninavyojua kucheza. Nilipita ukuta wao mara kwa mara, nikifunga na kufungisha, na kipindi cha pili wakaanza kusogea nikija. Tulishinda. Yule mzee aliniletea tende kwenye mfuko wa nailoni, akanipapasa bega kuhakikisha ni zima.

Terry alinifuata nikifungua viatu. Mutiso alikuwa amesimama hapo karibu, anajifanya anapanga mabegi.

"Nakutaka," Terry akasema. "Nimekuja kutafuta mtu wa mbele, na nimempata."

Nilitaka kulia. Sikulia. Nikamwuliza mkataba utasemaje.

Hapo alishusha sauti, si kwa ubaya. Akanieleza kwamba kuniingiza Uingereza kama mchezaji ni vigumu, kwa sababu sijawahi kuchezea timu kubwa ya taifa, na klabu yao ni ndogo. Lakini mdhamini wao ana ghala la matairi, na ghala linaweza kuniombea kibali.

"Utaandikwa karani wa ghala," akasema. "Kwenye karatasi tu. Jumapili unacheza, na sote tutajua wewe ni mchezaji."

"Sote nani?"

Hakunielewa. Nikamwuliza wenzangu wa timu wameandikwa nini. Akasema wachezaji. Nikamwuliza mimi nikivunjika goti Jumapili, Jumatatu nitatibiwa kama nani. Akakiri kwamba hilo hajui. Nafikiri alikuwa mtu mwema, ndiyo maana hakudanganya.

"Nimekuwa karani wa ghala," nikamwambia. "Nimekuwa mlinzi. Mniandike mchezaji kama hao wengine nitakuja hata kwa miguu. Mkiniandika karani, tafuteni mtu anayejua kuhesabu matairi."

Akasema nifikirie. Nikasema nimeshafikiria, nimefikiria tangu siku bega lilipotoka.

Kurudi Riyadh

Tuliondoka Jeddah Jumamosi jioni, na Mutiso alivumilia mpaka Taif. Alipofungua mdomo aliufungua wote.

"Majuu, Uingereza yenyewe, buda," akasema. "Umekataa majuu. Si ungeenda kwanza, ukifika ndio ulete hizo maswali?"

"Nilikuja hapa hivyo hivyo," nikamwambia. "Niliambiwa nikifika ndiyo nitabadilishwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia hakuna timu."

Alipiga usukani kwa kiganja. Aliniambia kuna watu Manfuha hawana ikama, kile kibali cha kukaa, wanajificha polisi wakipita, na yeyote kati yao angekubali kuandikwa hata punda ilimradi ndege inaruka. Nikamwambia najua, na siwalaumu, na kama ningekuwa na njaa yao labda nami ningekubali punda. Lakini mimi nilikuwa na kitu cha kukataa, na kama sisi tulio nacho hatukatai, nani atakataa? Aliniona mwenye kiburi, na labda ni kweli. Niliumia njia nzima, sitaficha. Niliangalia jangwa nikahesabu kila kitu nilichokuwa nimekitupa, na kila nikimaliza kuhesabu nilikuta bado sitaki kurudi nyuma kukiokota.

Vumbi lilituziba katikati ya njia. Dhoruba ya mchanga, magari yote yamesimama pembeni na taa zimewaka, hatuoni hata pua ya gari letu. Tulikula biskuti tukangoja, na saa yangu ya zamu ikapita nikiwa nimekaa hapo. Tulipofika kompaundi, Hamdi mwenyewe alikuwa amesimama getini, amevaa kofia yangu ya ulinzi iliyomkaa juu ya kichwa kama kifuniko.

"Ahlan, ya laib," akasema.

Ahlan ni karibu, na laib ni mchezaji. Alikusudia kunikejeli. Nikamwitikia vizuri kabisa, nikasema naam, ndimi, nikachukua kofia yangu. Alikuwa amejiandaa kunifukuza, nami nilijiandaa kufukuzwa. Lakini alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, amechoka, na nadhani alifurahi tu kukaa chini. Kuanzia siku hiyo aliniita laib mbele ya watu wote, kwa dharau, kisha kwa mazoea, na mwisho wageni wapya waliokuja wakadhani ni jina langu.

Terry alituma ujumbe mara moja zaidi kupitia Colin. Ghala bado lipo, nafasi bado ipo, vipi? Colin alinisomea akiniangalia kwa matumaini. Nikamwambia ajibu neno moja, halas. Nikaendelea kucheza kila Ijumaa hadi mkataba wa geti ulipoisha, na hakuna aliyenipita bila kunihisi.

Nairobi

Ndege ya kurudi ilijaa Wakenya. Kutua tu watu wakapiga makofi, na mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa sauti, akasema nimefika, nimefika, kama vile kuna mtu anayebishana naye.

Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu. Nilijaza kadi ya kuingia nchini nikiwa nimesimama, nikiiegemeza kwenye begi. Jina nikaandika, tarehe nikaandika. Nilipofika pale pa kazi mkono ulisimama. Haikuwa woga. Nilikuwa nimechoka kujiita mchezaji peke yangu. Nikaacha wazi.

Ofisa aliyenipokea alikuwa dada wa makamo mwenye macho mekundu ya usingizi. Aliichukua kadi, akaipitisha macho, akairudisha upande wangu.

"Hapa umeacha. Kazi gani ulikuwa unafanya huko?"

"Nilicheza raga," nikasema.

Akafungua pasipoti, akaitafuta viza, akaisoma.

"Hapa wameandika mlinzi."

"Waliandika bila kuniuliza," nikamwambia. "Wewe umeniuliza."

Aliniangalia. Aliangalia masikio yangu, ambayo sasa yamevimba kama ya Colin, na bega langu moja lililo chini kuliko lenzake. Nyuma yangu watu walianza kunung'unika kwamba nachelewesha foleni. Sikusogea. Yule dada alichukua kalamu yake mwenyewe, akaivuta kadi karibu, akaandika polepole kwa herufi kubwa, mchezaji, akagonga muhuri, akaniambia nipite.